Homa ya kupe kwa farasi: ipi ni ipi, na kwa nini dawa ya ng'ombe sio dawa ya farasi

Farasi akishikwa na homa msimu ambao kupe wamejaa malishoni, jibu linatoka kabla hata hajapimwa joto: hiyo ni homa ya kupe. Halafu ushauri unaanza kumiminika, huyu anasema mchome sindano ileile tunayochoma ng'ombe, yule anasema mpitishe josho, mwingine anasema mlishe kitunguu saumu kupe watakimbia wenyewe, na mwenye farasi anabaki hajui ashike lipi aache lipi. Ukweli ni kwamba homa ya kupe kwa farasi sio ugonjwa mmoja, ni magonjwa kadhaa yenye vijidudu tofauti na tiba tofauti, na mengine yanayosingiziwa kupe wala kupe hahusiki nayo kabisa. Kubwa zaidi ni kwamba mengi tunayoyajua kuhusu kupe tumeyajua kupitia ng'ombe, na farasi sio ng'ombe jamani. Kuna dawa ambayo ng'ombe anaogeshwa nayo mara kwa mara bila shida yoyote lakini farasi inamsimamisha utumbo mpaka anaweza kufa nayo. Kwa hiyo tuende taratibu, tuanze na kupe mwenyewe.

Kupe ni nani hasa

Kupe hayuko kundi moja na nzi au viroboto, ndugu zake ni buibui na utitiri, na akikomaa ana miguu minane. Anatoka kwenye yai akiwa mdogo sana na miguu sita, huyo anaitwa lava, anakunywa damu, anajivua ngozi anakuwa nimfu wa miguu minane, anakunywa tena, anajivua tena anakuwa kupe kamili. Jike akishiba anaanguka chini, anataga mayai kwa maelfu halafu anakufa. Kila hatua ni lazima apate damu, akiikosa anaweza kukaa miezi kwenye nyasi akisubiri, ndio maana kuacha uwanja bila mnyama kwa wiki mbili tatu hakumalizi kupe.

Kupe haruki, hana mabawa, na wala hadondoki kutoka mtini kama wengi wanavyoamini. Anachofanya ni kupanda juu ya jani la nyasi au kichaka kifupi, anajishika kwa miguu ya nyuma, ya mbele anainyoosha hewani na kutulia. Anahisi joto na pumzi ya mnyama anayekuja, mnyama akipita akagusa lile jani, kupe amehama. Ukimkuta juu ya shingo au sikioni basi ujue mara nyingi ametembea kutoka miguuni, au farasi alikuwa ameinamisha kichwa anakula.

Halafu kupe wanatofautiana tabia. Kuna wanaokaa kwa mnyama mmoja tangu lava mpaka ukubwani, kuna wanaobadilisha wanyama wawili, na kuna wanaohitaji wanyama watatu, kila hatua mnyama wake. Mfano mzuri ni kupe mwenye miguu myekundu, Rhipicephalus evertsi, ambaye ameenea sana Afrika kusini mwa Sahara na ni msambazaji mkubwa wa ugonjwa wa farasi tutakaouona hapa chini. Huyu ni wa wanyama wawili: wadogo wanajificha ndani kabisa ya sikio, wakubwa wanakaa chini ya mkia na kinenani. Sasa mtu anapapasa shingo na mgongo, hakuti kitu, anasema farasi wangu hana kupe!

Ugonjwa unapitaje

Kwa kawaida kupe hazaliwi na sumu ya homa. Fikiria sindano moja inayochoma mnyama huyu kisha yule bila kuoshwa, hicho ndicho anachofanya, anachukua vimelea kwenye damu ya farasi mmoja, anajivua ngozi, na hatua inayofuata anavimwaga kwa farasi mwingine kupitia mate yake. Vimelea vingine vinapita hata kutoka kwa kupe mama kwenda kwenye mayai, kwa hiyo lava anaweza kuanguliwa akiwa tayari amebeba ugonjwa.

Hapa kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Vimelea vingi haviingii sekunde ile kupe anapong'ata, vinahitaji muda wa kuamka na kufika kwenye mate, kwa Lyme, ugonjwa wa bakteria wanaobebwa na kupe, mara nyingi ni zaidi ya saa 24, na vile vya piroplasmosi, ule ugonjwa wa damu tutakaoanza nao hapa chini, mara nyingi vinachukua siku kadhaa kukomaa. Maana yake kupe aliyetolewa jioni ileile aliyopanda ana nafasi ndogo sana ya kuacha ugonjwa. Kama kuna jambo moja ningependa kila mwenye farasi alishike ni hili, kwa sababu halina gharama na linashinda chupa nyingi za dawa.

Magonjwa yenyewe

La kwanza na zito ni piroplasmosi. Linaletwa na vimelea viwili, Babesia caballi na Theileria equi. Hicho cha pili vitabu vya zamani vinakiita Babesia equi, kilihamishwa kundi mwaka 1998, kwa hiyo ukikuta majina mawili usichanganyikiwe, ni kitu kilekile. Vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vinazaana humo na kuzipasua. Ukielewa hapo basi dalili zote zinajieleza zenyewe: damu inapungua ndio maana farasi anachoka na ufizi unapauka, uchafu wa chembe zilizopasuka unageuza ufizi na weupe wa macho kuwa manjano, na ukipita kwenye figo mkojo unatoka wa kahawia au mwekundu uliokolea. Homa inaweza kuvuka nyuzi 40 wakati kawaida ya farasi mkubwa haizidi 38.5. Dalili zinachelewa kutokea, kwa Theileria equi ni kama siku 12 mpaka 19 baada ya kuambukizwa, kwa Babesia caballi siku 10 mpaka 30, kwa hiyo kutomkuta kupe leo hakuthibitishi kwamba sio kupe.

Ila sio kila farasi anaanguka hivyo. Waliozaliwa na kukulia kwenye maeneo yenye ugonjwa mara nyingi wanaupata wadogo na wanazoea kuishi nao, anayeumia vibaya ni yule mkubwa aliyeletwa kutoka sehemu isiyo na ugonjwa. Wengine wanakuwa na dalili za chinichini tu, anakonda, hana hamu ya kazi, miguu inavimba kidogo, tumbo linauma mara mojamoja, na mwenyewe anadhani ni minyoo au chakula.

Tiba inayotumika zaidi ni imidokabu, na hapa naomba mtu asijichukulie hatua. Dawa hii inafanya kazi lakini ni kali, farasi anaweza kutokwa na mate mengi, kuharisha na kupata msokoto wa tumbo, na punda wanaathirika nayo zaidi kuliko farasi, kwa hiyo dozi ya farasi usimpe punda kwa kukadiria. Dokta awepo.

Ugonjwa wa pili ni anaplasmosi, huu unaletwa na bakteria anayeitwa Anaplasma phagocytophilum. Kwa farasi ulielezwa mara ya kwanza California mwishoni mwa miaka ya 1960. Wenyewe unashambulia chembe nyeupe za damu, sio nyekundu. Homa inapanda sana, farasi anakataa kula, miguu inavimba, ufizi unakuwa na vidoadoa vyekundu au manjano, na anaweza kuyumba akitembea mpaka watu wakadhani ameumia mgongo. Huu unatibika vizuri kwa oksitetrasaiklini, homa mara nyingi inashuka ndani ya siku moja au mbili. Na ndipo mkanganyiko unapozaliwa: farasi wa jirani alipona haraka kwa antibayotiki hiyo, wewe wako ana piroplasmosi, unamchoma ileile, haponi, unaongeza dozi, siku zinakwenda damu inaisha. Majina ya mtaani yaleyale, dalili za mwanzo zinafanana, ugonjwa tofauti. Tone la damu kwenye kioo cha darubini au kipimo cha maabara ndicho kinachotenganisha. Tena oksitetrasaiklini ikisukumwa haraka kwenye mshipa inaweza kumwangusha farasi palepale, sio sindano ya kuazimana.

Lyme nitaipitia haraka kwa sababu kelele zake ni kubwa kuliko uhakika wake. Inaenezwa na kupe wa kundi la Ixodes, hasa Marekani ya Kaskazini na Ulaya. Farasi wengi wa maeneo hayo wakipimwa wanakutwa na kingamwili zake lakini hawaumwi chochote, kwa hiyo kipimo chanya peke yake hakisemi kwamba kuchechemea kwa farasi wako kumetokana na Lyme. Dokta makini atatafuta sababu nyingine kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo karibu kila mtu analikosa, papasi wa masikioni, Otobius megnini. Asili yake ni bara la Amerika lakini amesambaa mabara mengine pia. Wadogo wake wanaingia ndani ya tundu la sikio na kukaa humo hata miezi, na farasi anaanza kupata mikazo ya misuli, anatoka jasho, anajilaza, anatetemeka, ukimwona unasema huyu ana msokoto wa tumbo. Anatibiwa tumbo, haponi, mpaka mtu mmoja aangalie masikio. Kwa hiyo farasi ambaye ghafla hataki kuguswa masikio au anatingisha kichwa kila saa, masikio yaangaliwe kabla ya kitu kingine.

Ambayo sio ya kupe

Ndigana kali ya ng'ombe inaletwa na kupe kweli, ila kimelea chake, Theileria parva, hakimshiki farasi. Kupe wa ng'ombe anaweza kumng'ata farasi, hilo ndio, na ng'ombe wakichunga uwanja mmoja na farasi wanalisha kupe wengi zaidi, lakini farasi hapati ndigana kali, na wala chanjo au dawa yake haimhusu.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaojaza maji mapafuni au kuvimbisha macho na kichwa, na unaua haraka sana, ni wa virusi na unaenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri. Kumwogesha farasi dawa ya kupe halafu kumwacha nje usiku msimu wa usubi hakumkingi na huo hata kidogo, huko ni chanjo na kuingiza farasi bandani kabla jua halijazama. Upungufu wa damu wa kuambukiza nao ni wa virusi, unabebwa na nzi wakubwa wang'ataji kama pange, na malale ni mbung'o. Nayataja kwa sababu yote yanatoa homa na udhaifu, na kila mara kupe ndiye anayebeba lawama.

Dawa: hapa ndipo farasi wanapokufa

Amitrazi. Lishike hilo jina na ulitafute kwenye lebo kabla hujafungua chupa yoyote. Ni dawa nzuri ya kuogeshea ng'ombe na inatumika majosho mengi duniani, lakini kwa farasi inapunguza mwendo wa utumbo, kinyesi kinagandamana kwenye utumbo mpana, anapata msokoto wa tumbo mbaya ambao unaweza kumuua. Na haitokei dakika ileile, inaweza kuchukua siku moja au zaidi, kwa hiyo watu hawaunganishi josho la juzi na farasi anayegaragara leo. Farasi na punda wasipitishwe josho la ng'ombe bila kujua ndani kuna dawa gani, na usitumie bomba ulilopulizia amitrazi kwa ng'ombe bila kuliosha vizuri kabisa.

Zinazotumika kwa farasi ni za kundi la pemetrini na saipemetrini zilizoandikwa wazi kwenye lebo kwamba ni za farasi. Soma kipimo, changanya kama ilivyoandikwa, usiongeze "kidogo ili ikolee". Spreyi juujuu ya manyoya haifanyi kazi, inatakiwa ifike kwenye ngozi, hasa miguu, kifua, tumbo na sehemu za chini ambako kupe anaanzia safari. Jasho na mvua vinaitoa, kwa hiyo farasi aliyefanya kazi ya kutoka jasho asubuhi usihesabu kwamba bado analindwa jioni. Masikio usiyapulizie, tia dawa kwenye kitambaa upanguse, na mbali na macho. Kama mna paka bandani kuweni makini mno, pemetrini inaua paka, na paka wanapenda kulala kwenye blanketi na matandiko ya farasi.

Ivermektini ni ya minyoo. Watu wanampa farasi kila mwezi wakiamini inamaliza na kupe, kumbe kupe wanaendelea na maisha yao, na kinachozaliwa ni minyoo sugu. Kitunguu saumu nacho kina wafuasi wengi, lakini ukimlisha farasi kwa wingi kinaharibu chembe nyekundu za damu na kumpunguzia damu, sasa piga picha farasi mwenye piroplasmosi ambayo tayari inampasulia chembe hizohizo. Kuku na kanga kweli wanadonoa kupe wakubwa wawili watatu, lakini wale wadogo walioko kwenye nyasi hawawamalizi, wafugeni kwa mayai.

Mkono ndio kinga ya kwanza

Kila siku, ikiwezekana kila anaporudi malishoni, farasi apapaswe mwili mzima. Macho hayatoshi, tumia vidole, bila glavu nene. Anza kwenye masikio: fungua sikio taratibu, pitisha kidole kwenye mkunjo wa ndani ambako nywele zimeshonana. Lava hutamwona, utahisi vipunje vidogo, ukikwangua kwa ukucha vikibaki palepale vimeng'ang'ana basi ndio wenyewe. Shuka chini ya taya, kwenye mzizi wa singa pale nywele zinapotoka shingoni, kifuani, kwapani, tumboni, katikati ya miguu ya nyuma, kwenye chuchu au ala ya uume, halafu inua mkia. Hapo simama ubavuni, sio nyuma yake, mkono mmoja ukiwa kwenye kiuno chake ajue uko wapi. Ngozi laini isiyo na nywele chini ya mkia ndio makazi ya kupe wakubwa, na mara nyingi utawakuta wamepangana, dume dogo karibu na jike lililojaa.

Kumtoa, chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, sio tumboni, vuta moja kwa moja kwa nguvu ileile mpaka aachie, usizungushe. Usimpasue kwa kucha. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa au vaselini ukisubiri aachie mwenyewe, unampa muda zaidi wa kutema mate ndani ya farasi na ndicho tusichotaka. Kipande cha mdomo kikibaki usichimbe, ngozi itakitoa yenyewe, safisha tu na uangalie kama kinavimba. Kupe mtie kwenye kichupa chenye spiriti na uandike tarehe, farasi akiugua wiki mbili baadaye dokta atakushukuru kwa kichupa hicho.

Malishoni, kupe anaogopa ukavu. Nyasi fupi zinazopigwa na jua zinamkausha, nyasi ndefu, majani yaliyooza na kingo za msitu zinamtunza. Fyeka, ondoa vichaka, na kama unaweza sogeza uzio mita mbili tatu kutoka kwenye ukingo wa pori kwa sababu hapo ndipo wanyama wa porini wanapodondosha kupe. Na usidhani baridi inawamaliza wote, kuna aina Marekani ya Kaskazini zinazopanda wanyama wakati wa vuli na kukaa nao majira yote ya baridi.

Farasi anayeonekana mzima

Hili linawachanganya watu kuliko yote. Farasi aliyepona piroplasmosi sio lazima awe ameondokana nayo. Babesia caballi inaweza kuisha mwilini yenyewe baada ya muda, lakini Theileria equi kwa kawaida inabaki maisha yote, farasi anakimbia, anakula, anazaa, na bado kila kupe anayemnywa anaweza kuondoka na kimelea. Jike mwenye mimba anaweza kumpa mtoto akiwa tumboni, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa mgonjwa.

Na kupe sio njia pekee. Mwaka 2009 kwenye shamba moja kusini mwa Texas walikutwa farasi zaidi ya 400 wenye Theileria equi, na kupe wa pale walihusika. Lakini upimaji ulipopanuliwa Marekani walikutwa pia farasi wa mbio ambao kupe hawakuwa maelezo, walikuwa wamechomwa sindano za kushirikiana. Ndio sababu nchi zinazojihesabu hazina ugonjwa huu zinapima damu kabla farasi hajaingia. Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 farasi wenye ugonjwa waliruhusiwa kushiriki, ila kwa masharti makali ya kuzuia kupe wasiwafikie.

Kwa hiyo farasi mpya akifika, mweke peke yake kwanza, mpapase, toa kupe wote kabla hajakanyaga malisho ya wenzake, na omba apimwe damu. Joto likivuka 38.5 akiwa ametulia, ufizi ukiwa wa manjano, mkojo ukiwa umekolea kahawia au miguu yote ikivimba na homa juu, mwite dokta siku hiyohiyo na umwambie farasi ametoka wapi, kupe mara ya mwisho ulimtoa lini na umepuliza dawa gani. Majibu yakiwa chanya na farasi yuko mzima, kwenye maeneo ambako ugonjwa umezoeleka sio lazima umwondoe, anaweza kuendelea kupandwa na kufanya kazi, ila sindano yake isimguse farasi mwingine, damu yake asiongezewe mwingine, kupe wasimkute, na siku ya kumuuza au kumsafirisha mwambie anayempokea kabla hajatoa pesa.